Kutoka Kemia kwenda Uhandisi Kemikali: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Programu Chuoni

Na Mwandishi Wetu, Maswa

Kila unapofika msimu wa udahili wa elimu ya juu, baadhi ya wanafunzi na wazazi hukabiliwa na swali lisilo jepesi: je, mwanafunzi aliyedahiliwa kusoma Shahada ya Sayansi katika Kemia anaweza kuhamia Uhandisi Kemikali? Jibu ni kwamba anaweza, iwapo ana sifa zinazotakiwa na ataomba kwa wakati. Hata hivyo, uamuzi huo unagusa urefu wa masomo, mkopo na taaluma ambayo mhitimu ataruhusiwa kuifanya kisheria. Ni vema ukafanywa kwa kuelewa, si kwa kufuata mkumbo.

Wengi hudhani kuwa programu hizi mbili ni kitu kimoja chenye majina tofauti. Mfano wa kuzitofautisha upo hapa Maswa, wilaya inayofahamika kwa utengenezaji wa chaki, shughuli iliyoanzishwa na vijana wa wilaya hii.

Chaki hutokana na madini ya jasi. Jasi ikipashwa moto wa takribani nyuzi joto 150 za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungamana nayo na kuwa unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na maji na kumiminwa kwenye kalibu, huganda na kuwa chaki. Mkemia ndiye anayeeleza kwa nini jambo hilo hutokea, hupima usafi wa jasi na kuthibitisha ubora wa bidhaa.

Mhandisi kemikali huanza na maswali mengine. Kwa hesabu za kemia, kilo 100 za jasi safi hutoa takribani kilo 84 za unga. Kwa hiyo kiwanda kinachohitaji tani 1 ya unga kinapaswa kuwa na takribani tani 1.2 za jasi. Je, tanuri liwe na ukubwa gani? Litatumia nishati kiasi gani? Gramu 100 katika maabara hupata joto kwa usawa, lakini tani nzima haiko hivyo: jasi iliyo karibu na moto huweza kuungua kupita kiasi huku ya katikati ikibaki mbichi, na chaki ikatoka dhaifu. Kazi ya mhandisi ni kuhakikisha kuwa kilichofanikiwa katika chupa ya maabara kinafanikiwa pia kiwandani, kwa usalama na kwa gharama inayohimilika.

Hali ni hiyo hiyo katika mafuta ya mbegu za pamba, zao kuu la biashara mkoani Simiyu. Mkemia hupima asidi na rangi ya mafuta ghafi. Mhandisi husanifu mitambo ya kuyasafisha.

Kutokana na tofauti hiyo, masomo nayo hutofautiana. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, Kemia hufundishwa katika Ndaki ya Sayansi Asilia na Tumizi kwa miaka mitatu, ilhali Uhandisi Kemikali upo katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia na huchukua miaka minne. Mwanafunzi wa uhandisi hutumia muda mwingi katika hisabati, mwendo wa vimiminika, uhamishaji wa joto, usanifu wa mitambo na mafunzo kwa vitendo viwandani. Anayehama kwa sababu tu anaipenda maabara anaweza kushangaa kukuta saa nyingi zaidi ni za hesabu.

Hapo ndipo suala la sifa linapojitokeza. Mwanafunzi aliyesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB) anaweza kudahiliwa katika programu za kemia, lakini programu za uhandisi kwa kawaida huhitaji ufaulu wa Hisabati ya Juu, somo lililomo katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM). Hisabati tumizi ya msingi anayosoma mwanafunzi wa PCB haichukui nafasi hiyo. Kabla ya kuomba, mwanafunzi alinganishe matokeo yake ya kidato cha sita na vigezo vilivyoainishwa katika kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Aidha, uhamisho hufanyika katika kipindi kinachotangazwa na TCU pamoja na vyuo, na hutegemea uwepo wa nafasi. Mwanafunzi asiache kuhudhuria masomo ya awali wala kuingia madarasa ya programu mpya kabla ya kupata kibali cha maandishi.

Kwa wanufaika wa mikopo, ni muhimu kuonana na dawati la mikopo chuoni kabla ya kuhama, ili taarifa zilizopo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ziendane na programu mpya. Familia nayo ijiandae, kwa kuwa mwaka mmoja zaidi wa masomo huambatana na gharama za kujikimu.

Zaidi ya yote, izingatiwe hatima ya kitaaluma. Mhitimu wa uhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha mhandisi mtaalamu baada ya kupata uzoefu wa kazi. Mhitimu wa kemia hasajiliwi na bodi hiyo kwa shahada yake ya kemia, hata akifanya kazi kiwandani kwa miaka mingi. Yeye anayo taaluma yake, inayosimamiwa kwa Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya mwaka 2016, na anahitajika katika maabara, viwanda, mamlaka za maji na ukaguzi wa ubora.

Wazazi na walezi wanashauriwa kutowalazimisha vijana kuhama kwa sababu tu ya heshima ya jina la mhandisi. Kijana aulizwe swali moja: anapoiona chaki, anavutiwa kujua imeundwa na nini, au anawaza namna ya kuzalisha maboksi elfu moja yenye ubora ule ule? Jibu lake litasaidia kuonesha njia, na matokeo yake ya mtihani yataonesha kama njia hiyo iko wazi.