Jirani wa Hello Neighbor anajifunza kweli?

Ukicheza Hello Neighbor, kazi yako ni moja: kuingia kwenye nyumba ya jirani yako, Bwana Peterson, na kujua anaficha nini kwenye chumba cha chini ya ardhi. Hakuna damu. Unanyata, unajificha kabatini, unatafuta funguo na kufumbua mafumbo. Akikukamata, unajikuta nje na unaanza upya. Ndiyo maana gemu hii, iliyotoka Desemba 2017, Marekani waliipa alama ya miaka 10 na kuendelea. Lakini inatisha, na siyo watoto peke yao.

Kinachotisha zaidi ni hiki: ukizoea kupitia dirisha fulani, siku moja utakuta mtego wa chuma umekusubiri hapo hapo. Watengenezaji wake, Dynamic Pixels, waliinadi kwa sifa hiyo, kwamba jirani ana akili bandia inayojifunza kutokana na unachofanya. Wengi tukisikia "anajifunza" tunafikiria kuna ubongo mle ndani.

Haya, tuseme wewe ndiye unayeandika programu. Gawa nyumba vipande vipande. Kila mchezaji akipita kipande, ongeza moja. Akikamatwa, angalia kipande chenye hesabu kubwa, tega hapo. Basi! Umepata jirani "anayejifunza", na umetumia kujumlisha tu.

Kuona nako ni jiometri ya sekondari. Kwa kawaida gemu za kunyata humpa adui pembe ya kutazama na umbali wa mwisho. Ukiwa ndani ya pembe hiyo, kompyuta inapiga mstari kutoka machoni pake hadi kwako. Mstari ukigonga ukuta, hakuoni. Masikio ni duara: ukivunja kioo, sauti inaenea hadi umbali fulani, na yeyote aliye ndani ya duara anakuja kuchungulia.

Ujanja huu ni wa zamani. Kwenye Pac-Man ya 1980, mzuka mwekundu anakufuata ulipo, wa pinki analenga mbele ya unakoelekea, wa chungwa anakuja lakini akikukaribia sana anageuza. Sheria chache tu, ila ukiwa katikati yao utaapa wamekaa kikao kukupangia.

Mbona tunadanganyika? Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara dogo vikizunguka. Karibu wote walisimulia kisa cha watu: huyu mkorofi, yule anaonewa, wale wanakimbia. Maumbo tu! Kitu kikisogea kana kwamba kinatujibu, akili yetu inakipa nia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya akili ya Bwana Peterson iko kichwani mwako wewe uliyejibanza kabatini, ukijiuliza, "Ameshajua?"

(Wahakiki wengi hawakuipenda ilipotoka, na mimi nakubaliana nao kuhusu mafumbo; mengine hayana mantiki kabisa.)

Kama unayo, ijaribu kama maabara. Ingia kwa dirisha lile lile kila mara, andika ni mara ya ngapi anapoweka kizuizi. Kisha hamia mlango wa nyuma, uhesabu tena. Mwite na mdogo wako akuandikie namba.