Cheti cha mganga Mishamo kinasema nini hasa?

Ukikuta cheti cha usajili kwa mganga wa Mishamo, wilayani Tanganyika, Katavi, usidhani kasoma chuo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 imewatenganisha. Mganga wa tiba asili, yule wa mizizi na majani, anatambuliwa na jamii anamoishi. Mara nyingi mwalimu wake ni babu au bibi yake. Wa tiba mbadala, kama naturopathi au homiopathi, hiyo ni fani ya darasani, hivyo anatakiwa awe na mafunzo. Wote wanasajiliwa na Baraza moja.

Shida iko hapa: kutambuliwa na majirani si mtihani wa vipimo vya dawa. Mtoto akichemka homa, muulize mganga kwanza: kijiko au kikombe? Na asipopata nafuu, zahanati tunaenda lini?