Mkono Uvimbao Baada ya Kupasuliwa Kansa ya Titi

Ndugu wakulima, gazeti hili ni la ukulima, na huenda mkashangaa kuona tunaandika habari za mkono wa mwanamke. Lakini palizi hufanywa kwa mikono, na katika skimu zetu mikono mingi ni ya wake zetu, mama zetu na dada zetu. Kansa ya titi ndiyo kansa inayowapata wanawake wengi zaidi katika Kenya. Mgonjwa akiisha kupasuliwa na kidonda kikapona, hurudi shambani, na watu wa nyumbani hudhani mambo yamekwisha. Kumbe limebaki jambo la kuangaliwa kwa miaka mingi.

Wagonjwa wengi wa mashambani hupelekwa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta. Matibabu ya mionzi, ambayo watu huyaita "kuchomwa", huchukua majuma kadhaa, na si kila mtu awezaye kulipia nyumba ya wageni muda huo wote. Basi mwenye jamaa Kibera hukaa kwake. Tuseme amefikia Soweto West, kijiji kimoja cha Kibera jirani na Kianda. Chumba ni kimoja, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na kubebwa, na wanawake wengi hupata riziki kwa kufulia watu nguo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mgonjwa mwenye haya hulichukua jembe hilo mwenyewe, maana yake mtungi na beseni, kabla mkono haujawa tayari.

Sasa sikilizeni sababu. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, mna mishipa mingine myembamba ichukuayo maji yaitwayo limfu. Maji hayo hupita katika tezi, nazo huyachuja. Ninyi mfugao ng'ombe mnazijua: mnyama akishikwa na ndigana kali, mkimpapasa chini ya sikio na mbele ya bega mtaziona zimevimba. Binadamu anazo kwapani, na kansa ya titi hupenda kupitia huko. Kwa hiyo daktari huziondoa baadhi, na mionzi nayo yaweza kukaza mishipa iliyobaki. Mkulima wa Mwea hahitaji kuambiwa zaidi: ukiziba mfereji wa kutolea maji, shamba hufurika. Mkono nao ni vivyo hivyo. Madaktari huita uvimbe huo limfodema.

Katika kila wanawake watano waliopasuliwa kansa ya titi, yapata mmoja hupatwa na uvimbe huu. Aliyeondolewa tezi nyingi yumo hatarini kuliko aliyeondolewa moja au mbili, na unene wa kupita kiasi huongeza hatari. Mara nyingi huanza katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, lakini waweza kuja hata baada ya miaka kumi. Hauambukizi, wala si uchawi. Watu wa Kwale na Kilifi wataufananisha na matende, lakini matende huletwa na minyoo iletwayo na mbu. Huu haukuletwa na mdudu.

Dalili za kwanza ni ndogo: mkono kuwa mzito jioni, pete au bangili kubana, mkono wa blauzi kukataa kupita. Yafaa kutumia utepe wa fundi cherehani. Pimeni mikono yote miwili kila mwezi, mahali pale pale juu na chini ya kiwiko, na kuandika vipimo. Ikiwa upande uliopasuliwa umezidi kwa sentimeta mbili kuliko ulivyokuwa, nendeni hospitali msingoje. Uvimbe ushikwao mapema hutulia. Ulioachwa hugeuka mgumu, na hakuna dawa ya kuuondoa kabisa.

Zamani wanawake hawa waliambiwa wasiinue kitu chochote maisha yao yote. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2009 ulitangazwa Marekani uchunguzi wa wanawake walioinua vyuma vizito kidogo kidogo, wakifundishwa; mikono yao haikuzidi kuvimba. Neno kubwa ni hilo "kidogo kidogo". Mwanamke aanze na kibuyu cha lita tatu, aongeze baada ya majuma, apumzike akisikia uzito. Kumpa mtungi wa lita 20 au ekari nzima ya kupalilia siku ya kwanza ni kumdhulumu. Lakini kumkalisha tu nako si huruma, maana mkono usiotembezwa hukaza bega. Waume, hapa neno ni lenu: msimu wa kwanza tafuteni kibarua, au shikeni jembe wenyewe.

Ngozi ndiyo mlango wa maradhi. Mkono huo uoshwe, ukaushwe, upakwe mafuta. Avae glavu akishika seng'enge, mkonge, dawa ya kupe au sabuni kali. Mchubuko mdogo uoshwe papo hapo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, hiyo ni hatari ya siku ile ile. Apelekwe zahanati apate dawa ya kuua vijidudu. Na hapana budi niseme wazi: msikubali mkono uliovimba uchanjwe kwa wembe na mganga yeyote. Chale hizo hufungua mlango tuliokuwa tukiufunga.

Waliopasuliwa kansa ya mlango wa uzazi wakaondolewa tezi za nyonga, hatari yao ni miguuni. Wasiingie mpungani bila buti za mpira.

Matibabu ni kukandwa kwa namna maalumu, mazoezi, bendeji, na mkono wa nguo ya kubana uliopimwa na mtaalamu. Msijifungie bendeji wenyewe kwa nguvu, kwani yaweza kuzuia maji zaidi. Ulizeni idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti, au Kenyatta, au Hospitali ya Moi Eldoret, na mwulize pia SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, italipa nini, kabla ya kuuza mbuzi. Siku ya kwenda, avae nguo yenye mikono mipana, achukue karatasi za upasuaji na ile karatasi ya vipimo.