Je, Wajua? Ziwa Moja, Nchi Nne

Sogea karibu, msomaji, leo tuko Kigoma, mwisho wa reli. Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470? Duniani kote ni Baikal peke yake, kule Urusi, linaloliweza! Na sakafu yake, amini usiamini, iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari.

Maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda, duniani kote, yatie kwenye ndoo: karibu ndoo moja kati ya sita ni ya ziwa hili. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo pale Kalemie. Kwa hiyo taka uliyoitupa hapa Ujiji itakaa sana.

Unadhani mwenye ziwa ni nani? Ni Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilizotia saini mkataba mmoja wa kulitunza jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mwaka 2024 zikafanya jambo zito: kufunga uvuvi miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Heko kwa wavuvi, maana miezi 3 bila kutupa nyavu si mchezo.

Tukiwa kwenye dagaa, hebu mtafune mmoja. Kama meno hayakukutana na mchanga, huyo alianikwa kwenye kichanja, juu ya wavu, hewa ikimpita chini na juu. Vichanja hivyo vimepigiwa debe hapa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Ujerumani!

Sasa kaa vizuri. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 hivi na kuunganishwa upya hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Unafikiri ilistaafu? Thubutu! Mei 2015, miaka 100 tangu ishushwe majini, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbia machafuko ya kwao hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, barabara ya gari hakina. Kipindupindu kikawaingilia. Mitumbwi ya wavuvi ikawabeba hadi ilipotia nanga Liemba, na bibi huyo wa miaka 100, aliyekodiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, akawapeleka Kigoma watu 600 kwa safari. Mwezi huo waliougua walifika 3,000. Waliofariki ni takriban 30. Kila mmoja wao anauma, lakini piga picha ingekuwaje bila meli, dripu na madaktari waliotoka pande zote za dunia.

Na hili je? Watafiti wa Hifadhi ya Gombe, kando ya ziwa hilihili, na wenzao wa ng'ambo waliwapima sokwe virusi vya SIV, ndugu wa VVU, bila sindano na bila kumgusa mnyama hata mmoja. Waliokota kinyesi na mkojo msituni, basi! Kabla ya hapo ilidhaniwa virusi hivyo havimdhuru sokwe. Mwaka 2009 dunia ikasoma kutoka Gombe kwamba wenye virusi walikuwa kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao.

Wajua pia kwamba tangu 2006, kwa fedha za Bloomberg Philanthropies ya Marekani, madaktari wasaidizi walifundishwa kuwafanyia wajawazito upasuaji kwenye vituo vya afya vya vijijini mkoani humu? Akina mama wengi hawakulazimika tena kungoja gari la kwenda hospitali ya mbali.

Moja la mwisho, usiondoke. Septemba 2023 Kigoma na mikoa mingine 5 ililenga kuwapa matone ya polio watoto wote wa chini ya miaka 8. Kwa nini 8, wakati tumezoea 5? Kwa sababu Aprili 2016, ndani ya wiki 2, nchi 155 kwa pamoja ziliondoa kinga ya kirusi aina ya pili kwenye matone ya kawaida, na kirusi hichohicho ndicho kilichozuka Burundi na Rukwa mwaka 2023. Toa 2016 kwenye 2023 uone umri wa watoto waliokuwa hawajaipata!