Kompyuta Kuukuu Nazo Zina Marudio

Mchimbaji mdogo wa Geita hatupi marudio. Ajua ya kuwa mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni bado una dhahabu, nao huchenjuliwa tena. Hekima hiyo yatufaa pia katika jambo la kompyuta kuukuu.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuagiza mashine hizo kutoka nje. Basi ZX Spectrum na Commodore 64, zilizotoka mwaka 1982 na kuwafunza watoto wa Ulaya kuandika programu nyumbani, hazikuwafikia watoto wa wafanyakazi wa Shinyanga.

Elimu hiyo haikupotea. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, Ian Bell na David Braben, walitoa mchezo uitwao Elite kwa mashine ya BBC Micro, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Mchezaji husafiri kati ya nyota 2,048 akifanya biashara, dhahabu ikiwamo. Nyota hizo hazikuwekwa katika orodha. Namba tatu hujumlishwa na kugeuzwa tena na tena, zikazizaa zote. Programu yake yasomeka leo, mstari kwa mstari.

Ndugu mafundi, kompyuta nyingi zilizolala stoo zahitaji kusafishwa bodi na kubadilishwa kapasita zilizovimba. Zikiisha kufufuka, zaweza kuiga BBC Micro na kuuendesha mchezo huo. Wapeni vijana waufungue, wauchambue, wajue namba zinavyofanya kazi. Aliyeielewa mashine ndogo yote hababaishwi na kubwa.