Ziwa Limefungwa: Nani Kalifunga?

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimama Ziwa Tanganyika. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana samaki wapewe miezi 3 ya kuzaliana. Serikalini jambo hilo liliitwa kupumzisha ziwa. Mwaloni Katonga, kando ya ziwa hilo, penye vichanja vya dagaa, watu walisema ziwa limefungwa.

Maneno hayo mawili hayalingani. Mvuvi wa dagaa anajua kupumzika: mbalamwezi ikiwaka taa zake hazivuti kitu, basi hupandisha mtumbwi akashona nyavu. Kufungiwa ni jambo jingine kabisa.

Sisi tunaochunguza lugha ya siasa huanzia hapo. Watu wengi hudhani mwanasiasa anayezungumza na makundi tofauti husema uongo huku na kweli kule. Mara nyingi hahitaji uongo. Hubadilisha kitenzi tu. Mbele ya wageni na wataalamu atasema "tumekubaliana kufunga", maana pale uamuzi ni sifa. Akishuka mwaloni atasema "ziwa limefungwa", kana kwamba limejifunga lenyewe, kisha ahamie haraka kwenye mikopo na vizimba vya kufugia samaki. Sentensi zote mbili ni kweli. Ila katika ile ya pili mtendaji ametoweka, na mwenye njaa hana wa kumuuliza.

Si kila mabadiliko ni hila. Mgombea akiwasalimia watu wa Mwandiga kwa Kiha, lugha yao, kisha akatumia takwimu bungeni Dodoma, amewaheshimu wote. Lugha na mifano vina haki ya kubadilika. Visivyopaswa kubadilika ni ahadi na ile sehemu chungu ya habari.

Tunao mfano mzuri wa kiongozi asiyeficha sehemu hiyo chungu. Januari 1958, chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpigakura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walitaka kususia, na kwa kuwaunga mkono, kupigiwa makofi kulikuwa rahisi mno. Julius Nyerere, kiongozi wa chama hicho, alisimama mbele ya wenzake hao akawaambia wasilopenda: tushiriki. Alishinda hoja, lakini kwa gharama, kwani mwanachama mwenzake, Zuberi Mtemvu, alijitoa akaanzisha chama chake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kiongozi: analosema mbele ya watu ambao litawaudhi.

Siku hizi simu hurekodi kila mkutano, na hotuba ya asubuhi mjini hufika Katonga kabla mitumbwi haijaingia majini jioni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari ijayo mgombea akija mwaloni, usimuulize atatufanyia nini. Muulize nani alilifunga ziwa, na yeye alisema nini siku ile nchi hizo zilipokubaliana. Kisha sikiliza kitenzi.