Soma Herufi Kabla ya Kupandisha Farasi

Katika michezo ya kompyuta ya kufuga farasi kama Horse Reality, mchezaji mgeni huvutiwa na rangi. Mimi huanza na herufi za vipimo. Rangi inaonyesha farasi alivyo. Herufi zinaonyesha anachoweza kumrithisha mtoto.

Kila jeni ina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. E huruhusu weusi, e huuzuia. Farasi mwenye ee ni mwekundu, hivyo wekundu wawili hawazai mweusi kamwe. Lakini weusi wawili wenye Ee wanaweza kuzaa mwekundu. Palomino naye ni mwekundu mwenye nakala moja ya jeni ya krimu. Akipandishwa na palomino mwenzake, uwezekano wa kupata palomino ni nusu tu. Robo ni mwekundu, na robo ni mtoto wa rangi ya maziwa mwenye macho ya buluu.

Ninapowasihi wachezaji watulie ni kwenye jeni ya madoa iitwayo freimu. Nakala moja haimdhuru farasi, na pengine madoa yenyewe hayaonekani. Nakala mbili huua: mtoto huzaliwa mweupe, utumbo wake hauna neva za kusukuma chakula, na hufa ndani ya siku chache. Badiliko hilo la jeni ya EDNRB lilitambuliwa mwaka 1998. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mimba ina hatari ya robo, na watoto watatu wakizaliwa wazima, hatari kwa wa nne ni robo ileile. Kwa hiyo “hajapimwa” isisomwe “salama”.

Wala herufi moja yenye kasoro haina maana ileile kila mahali. Kwa farasi halisi wa Quarter wa Marekani kuna HYPP, ugonjwa wa misuli uliofuatiliwa hadi kwa dume Impressive. N/N hana nakala yenye kasoro. N/H anayo moja, nayo yatosha kumfanya atetemeke misuli au hata kuanguka. Mwenye H/H hupata makali zaidi, na humrithisha kila mtoto. Ndiyo maana chama cha farasi hao, AQHA, hakisajili farasi wa H/H aliyezaliwa kuanzia 2007. N/H akipandishwa na N/N, nusu ya watoto hutarajiwa kuwa safi, ila kila mmoja apimwe kabla naye hajazalishwa.